Mbegu Zilizoshuka Gehandu

Kila mwaka baridi ya Nambis, kule milimani, inapoanza kulegea, Fransiska ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kipandwe nini. Aliyasema kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wenye bustani za nyumbani, wengi wao wa Daudi na Nambis, na wachache walioolewa mbali. Humo walimwita Mama Herman, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Hakuwa mtu wa kuandika. Alibonyeza kitufe cha sauti akaongea polepole, kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya korongo, na wenzake wakamsikiliza huku wakipepeta au wakikoka moto.

"Karoti pandeni sasa, msingoje," alisema mwaka huu. "Figiri na spinachi pia. Nyanya bado, baridi itaua miche, vumilieni mpaka mwezi wa tisa. Mchicha mwageni, mfunike kwa nyasi kavu. Na maji ni asubuhi jua likishatoka. Ukimwagilia jioni, udongo unalala na baridi na mbegu inaoza."

Mwishoni mwa Julai walikutana Daudi kwa Tekla, aliyeanzisha kundi, wakabadilishana mbegu. Fransiska alileta mbegu za mchicha wa nyumbani kwake. Mbegu alikuwa amezichanganya na majivu, wadudu wasiziguse, na mkono wa mwenye kupanda usimwage nyingi mahali pamoja. Alichota kwa kijiko akawatilia wenzake kwenye vifuko vya nailoni.

Mmoja wa waliopokea alikuwa Natalia, binti wa mdogo wa Tekla, aliyeolewa kwa wafugaji wa Gehandu, huko chini Hanang. Alikuja amembeba binti yake Brightness, aliyekuwa ndio kwanza anaanza kuunga maneno.

"Kwetu kule hakuna anayetaka mboga, mama," Natalia alisema akicheka. "Ni maziwa na ugali. Nikipika mchicha nakula mimi na huyu tu."

"Basi mtafaidi nyinyi wawili. Na kule kwenu kuna joto, zako zitaota kabla ya zetu. Zikibanana zipunguze, lakini usitupe. Miche ya kupunguzia ndiyo mboga tamu kuliko zote."

Wiki zikapita. Jumatatu moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya migomba, Fransiska alitoka kwenda kuangalia mchicha wake. Kwa baridi ya Nambis ulikuwa bado mfupi kama kidole. Siku hiyo alivaa miwani aliyonunuliwa na Herman, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya kanisani tu, kwa sababu alitaka kuona kama wadudu mafuta wameingia. Akachuchumaa, akafunua nyasi.

Miche mingine haikuwa ya mchicha. Ilikuwa na shina nene na majani mapana yaliyochongeka pembeni. Aling'oa mmoja, akasugua jani kati ya vidole, akanusa. Harufu ilikuwa mbaya, nzito, kama ya kitu kilichovundia kwenye chungu. Aliijua harufu hiyo tangu utotoni.

Ulikuwa mnanaha, ule mmea unaoota kwenye mazizi yaliyohamwa, wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na tunda la miiba. Hata mbuzi mwenye njaa huupita. Fransiska alipokuwa msichana, mwanamume mmoja wa kijiji chao alikula mbegu zake kwa mzaha kilabuni. Alishinda akikimbia mashambani, akiwasalimia watu waliokwisha kufa, na kesho yake wakamkuta chini ya genge.

Alisimama kwa shida. Akaingia ndani, akachukua kopo la mbegu, akamimina kiasi kwenye bakuli la maji. Majivu yalipoondoka zilibaki mbegu za namna mbili. Zile nyeusi ndogo kama nukta zilikuwa za mchicha. Nyingine zilikuwa kubwa zaidi, bapa, za kahawia, zimepinda kama sikio.

Mumewe Baltazar alikuwa uani akinoa jembe.

"Baba Herman, ule mchicha wa mbegu uliukata wapi?"

"Si pale lilipokuwa zizi la baba? Ulikuwa umestawi sana."

"Ulikata mchicha peke yake?"

Baltazar akaacha kunoa. "Nilikata vyote nikatupia kwenye turubai. Wewe si ulisema niharakishe, mawingu yanakuja. Kwani kuna nini?"

Aliichukua simu. Aliketi kwenye kizingiti, akabonyeza kitufe cha sauti.

"Wenzangu," alisema, "ule mchicha niliowapa msile. Hata jani moja. Umechanganyika na mnanaha. Ng'oeni wote, chomeni, nawaomba kila mmoja ajibu kwamba amesikia."

Majibu yalianza kuingia. Monica alikuwa hajapanda. Doris alisema wake umeota lakini bado ni mdogo, anaufukia sasa hivi. Tekla alituma picha ya tuta lake, majani yale mapana yakiwa katikati. Natalia alikuwa kimya.

Ndipo Fransiska akakumbuka picha. Alirudisha mazungumzo nyuma mpaka Alhamisi iliyopita. Natalia alikuwa ametuma picha ya bustani yake, akauliza, "Mama Herman, na haya majani mapana nayo napika?" Sasa, na miwani machoni, Fransiska aliona vizuri kilichokuwa kwenye picha ile. Siku ile hakuwa na miwani. Akabonyeza, akasikiliza sauti yake mwenyewe ikijibu kwa furaha: "Pika mwanangu, huo ni mchicha wa majani mapana, mbegu nzuri hiyo."

Chini yake Natalia alikuwa ameandika: "Asante mama. Hayo ndiyo yanakua haraka. Nayaacha yajaze kidogo, nitapika Jumapili."

Jumapili ilikuwa jana.

Alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Akampigia Tekla.

"Hata mimi simpati," Tekla alisema. Alikuwa tayari anahema kama mtu anayetembea haraka. "Mume wake Bura ametoka na ng'ombe, wako mbali malishoni, huko hakuna mtandao. Sina namba ya mtu mwingine kule. Natafuta gari." Kisha akashusha sauti. "Mama Herman, na mtoto naye anakula ile mboga."

Fransiska hakungoja gari la Tekla. Aling'oa mnanaha na mizizi yake, akautia kwenye mfuko, akajifunga kanga mbili, akamwita Kelvin, kijana wa pikipiki aliyekaa jirani. Walishuka kupita Dongobesh, wakashika njia ya Hanang. Upepo ulikuwa baridi lakini yeye alikuwa akitoka jasho mgongoni. Kila walipopita msiba wa watu, viti vya plastiki vimepangwa uani, aligeuza uso.

"Mama, unanibana mbavu," Kelvin alisema.

Alilegeza mikono. Baada ya muda mfupi alikuwa amembana tena.

Aliwaza mambo ambayo hakutaka kuyawaza. Kwamba akifika atakuta kaburi linachimbwa. Kwamba angeweza kusema amekuja kusalimia tu. Nani angejua mbegu zilitoka wapi? Wazo hilo lilimjia mara moja, akaliogopa kuliko yote.

Walipofika mahali mlima Hanang unapoonekana mzima, na makovu ya maporomoko ubavuni mwake, simu ilitetemeka. Ilikuwa namba ya Natalia. Kelvin akasimamisha pikipiki.

"Natalia, mwanangu, umekula ule mchicha?"

Alisikia pumzi tu. Halafu Natalia akaongea, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeeleza habari za nyumbani.

"Mama, watu wamekuja wengi bustanini. Wanakanyaga matuta. Waambie watoke."

"Watu gani?"

"Hawana miguu."

Fransiska aliishika simu kwa mikono miwili. "Brightness yuko wapi?"

"Yuko nao," Natalia alisema, na simu ikakatika.

Boma la kina Bura lilikuwa nje kidogo ya kijiji, limezungushiwa matawi ya miiba. Walipolikaribia waliona watu wamesimama mlangoni, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyekuwa akiongea kwa sauti. Ndani ya uzio, karibu na zizi tupu, bibi mmoja alikuwa amekaa chini kwenye vumbi. Shuka lake lilikuwa limemteleza begani na hakuwa na ujasiri wa kulivuta. Mwanamume mrefu alikuwa amesimama juu yake, na mkononi alishika fimbo ya kutembelea ambayo bila shaka ilikuwa ya bibi yule.

Mama mmoja wa makamo, mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, akaja mbele. Huyo alikuwa mama yake Bura.

"Shikamoo, mama," Fransiska alisema.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Natoka Nambis. Namfahamu Natalia. Yuko wapi?"

Mama Bura aliongea Kiswahili kwa kukitafuta neno kwa neno. Alisema Natalia yuko ndani, wamemfungia. Alianza jana jioni kushika vitu hewani, na usiku kucha hakulala. Alfajiri alitoka na mtoto mgongoni, na aliporudi hakuwa na mtoto. Wamemtafuta njia nzima ya barabarani, hawakumwona. Akaelekeza kidevu kwa bibi aliyekaa chini.

"Huyu jirani, Verediana, alikuja jana. Alileta maziwa. Baada ya maziwa, mkwe wangu akageuka hivi. Wanamwuliza ameweka nini. Anasema hajui. Wanamwuliza mtoto yuko wapi. Anasema hajui."

Bibi Verediana aliinua macho, akamtazama Fransiska, mgeni, kama anayetazama mlango wa kutokea. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti.

Fransiska alitazama nyuma, penye mlango wa boma. Wanaume walikuwa wengi. Kelvin alikuwa nje, na hakuzima pikipiki. Hakuna aliyejua kilichokuwa kwenye mfuko wake, na kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Huyu bibi hana kosa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Mwacheni. Ni mimi. Mbegu ni zangu."

Mwanamume mwenye fimbo akageuka. Wengine wakasogea. Fransiska aliutoa mnanaha mfukoni, akaushika mbele yake wote wauone.

"Nilimpa mbegu za mchicha. Ndani yake kulikuwa na hii. Sikujua. Akaniuliza kama apike, nikamwambia pika. Ndiyo inayomfanya hivyo, si uchawi wa mtu."

Mama Bura aliuchukua ule mmea. Aliunusa, akauzungusha, akatazama mizizi. "Huu naujua," alisema taratibu. "Ng'ombe haugusi." Akaingia jikoni, akatoka na sufuria ya jana. Chini yake kulikuwa na mboga iliyoganda, na katikati ya majani madogo kulikuwa na yale mapana. Aliongea kwa lugha yao, maneno machache, akimwonyesha yule mwanamume sufuria. Mwanamume aliitazama sufuria. Kisha akainama, akailaza fimbo chini kando ya Verediana, bila kumtazama usoni.

"Mtoto alikula?" Fransiska aliuliza.

"Alikula na mama yake."

"Bustani yake iko wapi? Hapa uani siioni."

"Iko chini, korongoni, penye maji. Lakini yeye alirudi kwa njia ya barabara."

"Ameniambia watu wako bustanini. Amesema mtoto yuko nao."

Walikwenda wawili, wakikimbia na kujikwaa, wengine wakifuata nyuma. Korongo lilikuwa na maji machache ya kiangazi, na kando yake bustani ndogo iliyozungushiwa miiba. Ilikuwa bustani nzuri. Matuta yalikuwa yamenyooka na samadi imechanganywa vizuri. Fransiska alivuta tawi la miiba kwa mikono mitupu, akaingia, akaita jina la mtoto. Hakuna kilichojibu.

Tuta la mwisho lilikuwa limefunikwa nyasi kavu. Nyasi zilikuwa nyingi mno kwa mbegu, lundo la urefu wa mtu aliyelala, na zilikuwa zimepapaswa na kusawazishwa kwa uangalifu, kingo zote. Pembeni palikuwa na ndoo, na ndani ya nyasi mlikuwa bado na unyevu wa maji.

Mama Bura aliona wakati mmoja na yeye. Akapiga magoti kando ya tuta.

Walizifukua nyasi kwa vidole. Brightness alikuwa amelala chali, nguo imelowa, uso mwekundu kama uliopakwa udongo. Macho yalikuwa wazi, na weusi wake ulikuwa umetanuka hadi ukakaribia kula jicho zima. Hakuwatazama. Fransiska aliweka kiganja kwenye kifua kile kidogo. Kilikuwa cha moto, na ndani yake moyo ulikuwa ukienda mbio kama wa kuku aliyekamatwa.

"Yuko hai," alisema. "Mama, yuko hai."

Kelvin aliwachukua kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, Fransiska amemkumbatia mtoto, Mama Bura nyuma yao akishikilia wote. Njiani mtoto alikuwa akinyoosha mkono na kuchuma kitu hewani, anachuma na kutia mdomoni, anachuma tena. Fransiska alimshika vidole. Hakuweza kuangalia.

Muuguzi alipoona mnanaha hakuuliza mengi, akamwita daktari. Walimtoa mtoto mikononi mwake, wakafunga mlango. Fransiska alibaki kwenye benchi. Kabla jua halijazama gari alilokodi Tekla liliingia, limempitia Natalia bomani. Walimshusha watu wanne. Alikuwa amechoka kupigana, lakini bado aliongea na waliokuwa juu ya dari, akiwaomba wasikanyage. Alipita mbele ya Fransiska bila kumfahamu.

Tekla hakuketi kwenye benchi lile. Alisimama ukutani, mikono kifuani.

"Tulikuamini," alisema. "Mtu akikuuliza, hata yai la kuku ulikuwa unalitolea ushauri."

"Ni kweli, Tekla."

"Ungesema sioni vizuri. Neno hilo tu."

Fransiska alivua miwani, akaiweka mapajani. Aliyekuja kukaa karibu naye alikuwa Mama Bura. Hakumfariji wala hakumlaumu. Alikunjua shuka lake, akamfunika miguu kwa nusu yake, nusu nyingine akajifunika, wakangoja hivyo.

Asubuhi Brightness aliomba maji. Aliomba kwa jina lake, "Blaitinesi maji," na muuguzi akatoka kuwaambia. Tekla aliteremka mpaka sakafuni, akakaa pale pale. Natalia alichelewa zaidi. Kutwa nzima aliendelea kukunja shuka na kuokota visivyokuwapo, na siku iliyofuata akalala usingizi wa kweli. Alipoamka aliwajua wote, ila hakuweza kusoma maandishi ya simu, yote yalikuwa ukungu. Hakukumbuka korongo, wala nyasi. Alimshangaa mwanawe alivyochubuka mashavuni.

"Nani alimwumiza?" aliuliza.

Walitazamana. Fransiska ndiye aliyesogea kitandani, akamweleza tangu turubai la Baltazar mpaka tuta la mwisho, bila kuruka. Natalia alisikiliza akiwa amemshika mtoto. Fransiska alipofika kwenye ndoo ya maji, Natalia alimwambia anyamaze. Baadaye kidogo akamwambia aondoke. Hakusema kwa ukali. Fransiska akaondoka.

Kabla ya kurudi Nambis alipitia kwa Bibi Verediana na sukari na majani ya chai. Bibi alipokea, akamshukuru, lakini hakumkaribisha ndani, na mlango ulibaki nusu wazi muda wote. Alisema ataenda kukaa kwa binti yake kwa muda. Watu wamemwomba radhi, ndiyo, lakini usiku anasikia nyayo.

Fransiska alidhani woga ungemwisha akifika nyumbani. Alichoma kopo na mbegu zote. Baltazar alikwenda kulima lile zizi la zamani na kuchoma kila kilichoota. Kwenye kundi kila mmoja alikuwa amethibitisha kwamba ameng'oa, na alikuwa akianza kupata usingizi, Doris wa Daudi alipompigia simu.

"Mama Herman, kuna jambo sikulisema," Doris alisema. "Zile mbegu zilinizidi. Nusu nilimpa mama mmoja mnadani Dongobesh. Aliniuliza mbegu za mchicha, nikamwonea huruma."

"Mama gani?"

"Simjui. Alikuwa na mtoto mgongoni. Nadhani alisema anakwenda upande wa Haydom, au nilisikia vibaya."

Tangu hapo kila siku ya mnada Fransiska hushuka Dongobesh asubuhi, miwani machoni. Hapiti kwenye nguo wala kwenye ng'ombe. Huenda moja kwa moja kwa kina mama wa mboga, anasalimia, anainama, anafungua fungu la mchicha la kwanza, anatenganisha majani moja moja. Wengine wanamjua sasa na wanamwacha. Wengine wanamkemea kwamba anaharibu biashara. Anaomba msamaha, analirudisha fungu alivyolikuta, anahamia kwa anayefuata, na akimwona mwanamke mwenye mtoto mgongoni, moyo wake unakwenda mbio kabla hajafungua mdomo kumwuliza.